Anunuae Chombo na Anunuae Ujuzi



Mwezi uliopita niliahidi katika ukurasa huu kuendelea na khabari ya haki za jirani, lakini limenijia jambo ambalo naona halifai kungoja. Haki za jirani tutazirejea mwezi ujao, Inshaallah.

Baba mmoja wa mtaani kwetu, mtu mwema asiyekosa safu ya mbele katika swala ya alfajiri, alinijia usiku mmoja baada ya Isha akiwa na mwanawe, kijana wa miaka 19 ambaye nilimsomesha mwenyewe tangu alifu mpaka akakhitimu, na sasa yu katika kuhifadhi. Kijana huyu amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma ufundi wa umeme na mitambo, na moyo wake umependa khasa kutengeneza setilaiti ndogo, yaani vile vyombo virushwavyo juu vikaizunguka dunia. Mama yake analia tangu khabari ifike nyumbani. Baba hakulia, lakini alikuwa na maneno mawili. La kwanza alisema: "Maalim, huko walimu wake watakuwa si Waislamu. Je, yafaa mtoto wetu akakae mbele ya watu hao kutaka ilimu?" La pili alilisema kwa kicheko kidogo: "Na vyombo vyenyewe, Maalim, si vinauzwa? Mwenye haja ya setilaiti hununua, kama tununuavyo gari. Kwa nini mwanangu akapoteze miaka kukaza misumari ya watu?" Kijana aliinamisha kichwa wala hakusema neno, kwani alikuwa mbele ya baba yake na mbele ya mwalimu wake.

Sikuwajibu usiku ule, na sababu yake nitaisema ijapokuwa hainipendezi. Miaka 12 iliyopita alinijia mzee mwingine na mwana mwingine kwa shauri kama hili hili, nami nikajibu papo hapo, kwa ulimi mwepesi, kwamba mambo ya dunia hayana mwisho, mtoto na abaki. Akabaki. Hata leo nikipita barazani pake huinuka akaniamkia kwa heshima zote, na mimi hutamani asingaliniona. Kwa hivyo safari hii niliomba nipewe siku saba.

Mimi katika skuli sikupita masomo ya chini, na mambo ya vyombo vya angani siyajui. Basi nilimwita kijana yule aje kila siku baada ya Alasiri, nikawa mimi ndiye mwanafunzi na yeye ndiye mwalimu, na alipokuwa hayupo nikisoma mwenyewe. Niliyoyapata ni haya.

Upande wa kusini-magharibi wa London uko mji uitwao Guildford, na katika mji huo kiko chuo kikuu cha Surrey. Katika miaka ya 1970 alikuwapo hapo kijana aitwae Martin Sweeting, mpenzi wa redio, katika jamii ya wale ambao huunda mitambo yao nyumbani wakasemezana na wenzao walio mbali bila ya malipo. Zama hizo setilaiti zilikuwa ni jambo la madola makubwa. Kila kipande kilitengenezwa makhsusi kwa ajili ya anga, kikajaribiwa miaka na miaka, na gharama yake ikawa haisemeki. Sweeting na wenzake walijiuliza: hivi vipande vidogo vya kompyuta na redio viuzwavyo madukani kwa watu wote, je, haviwezi kufanya kazi huko juu? Mabingwa wengi walisema haviwezi. Wao wakaunda chombo cha kadiri ya kilo 50, wakakiita UoSAT-1, na tarehe 6 Oktoba 1981 kikapanda juu ya roketi ya Wamarekani iliyokuwa imechukua chombo kingine kikubwa zaidi.

Chombo hicho kilikuwa na sauti. Kilitamka kwa Kiingereza hesabu za hali yake, na mtoto wa skuli mwenye redio ya kawaida aliweza kukisikia kikipita juu ya nyumba yao.

Lakini haukupita mwaka kikawapotea. Kwa kosa la maagizo, mitambo yake miwili ya kupeleka sauti iliwashwa pamoja, na kelele zake zikakiziba masikio yake chenyewe, kama mtu apigae makelele hata asisikie aitwapo. Walikiita miezi kadhaa ya mwaka 1982, hakiitiki. Mwisho walisaidiwa na antena kubwa iliyoko Stanford, Marekani, upana wake kadiri ya mita 46, ikakipigia ukelele mkubwa kuliko wake, nacho kikasikia na kunyamaza. Kikafanya kazi mpaka mwaka 1989. Kijana aliponihadithia haya alicheka peke yake, nami nikafahamu kuwa mtu asiyelipenda jambo hawezi kulicheka namna ile.

Chombo cha pili, UoSAT-2, walikiunda kwa miezi kama sita tu kwa sababu nafasi ya roketi ilipatikana kwa ghafla, na tarehe 1 Machi 1984 kikapanda. Mwaka uliofuata, 1985, chuo kiliifanya kazi hiyo kuwa kampuni, Surrey Satellite Technology, yenye watu wanne na rasilimali ya pauni 100. Pauni 100! Arusi moja ya mtaani kwetu hula zaidi ya hizo kwa biriani peke yake, na asubuhi yake hakuna kilichobaki ila masufuria ya kuosha. Kampuni ile iliendelea hata mwaka 2009 ikanunuliwa na shirika kubwa la Ulaya la vyombo vya angani, EADS Astrium.

Sasa chombo chenyewe ni kitu gani? Vile vya mwanzo vilikuwa mfano wa sanduku ambalo halimfiki mtu kiunoni. Ubavuni vimevikwa vibao vya sola vigeuzavyo mwanga wa jua kuwa umeme. Ndani mna betri, redio, kompyuta na kamera. Kikishafikishwa juu kilomita 700 au karibu yake, huizunguka dunia nzima kwa muda wa dakika 100 hivi, bila ya injini ya kukisukuma. Huko ndiko alikokiweka aliyeweka jua na mwezi katika njia zao, kwa kanuni ile ile, wala hakuna hapo ushindani na kudra yake kama wasemavyo baadhi yetu barazani.

Lililonishangaza zaidi ni namna ya kukizuia kisipinduke-pinduke. Kikifika juu hukunjua mlingoti mwembamba wa mita kadhaa wenye uzito kidogo nchani. Mvuto wa ardhi huvuta kwa nguvu zaidi kilicho karibu kuliko kilicho mbali, na tofauti hiyo ndogo mno inatosha kukisimamisha chombo wima, uso wake ukitazama chini daima. Ni kama timazi ya mwashi. Kijana aliponichorea hayo kwa kijiti juu ya mchanga wa uani, nilimwambia, "Mwanangu, hili hata Maalim wako amelifahamu."

Na faida yake? Chombo kama hicho kikipita juu ya mji kwa dakika chache hupokea kwa redio barua zilizoandikwa huko, kikaziweka katika kumbukumbu ya kompyuta yake, na kikifika juu ya mji mwingine kikazitoa, kama afanyavyo tarishi. Katika miaka ya 1990 jumuiya iitwayo SatelLife, iliyokuwa na makao yake Boston, ilitumia vyombo vya Surrey kwa kazi hiyo, kuzipelekea hospitali na vyuo vya utabibu vya Afrika khabari za maradhi na dawa. Katika nchi zilizounganishwa zilikuwamo Zambia, Kenya, Uganda na Tanzania. Wenye umri wangu wanakumbuka hali ya simu zetu siku hizo. Chombo kimoja cha kazi hiyo, HealthSat-2, kilirushwa tarehe 26 Septemba 1993.

Siku hiyo hiyo, juu ya roketi hiyo hiyo, ilipanda setilaiti nyingine ndogo, KITSAT-2 ya Korea ya Kusini, na katika khabari ya hiyo ndimo nilimopata jawabu la neno la pili la baba yule.

Korea ya Kusini haikuwa na setilaiti hata moja. Mwaka 1989 mwalimu wao mmoja, Choi Soon-dal, alianzisha kituo cha kufundishia mambo hayo na akawapeleka wanafunzi wake Surrey. Vijana wale walisoma darasani, kisha wakaingia karakana pamoja na mafundi wa kampuni, na chombo cha kwanza cha nchi yao, KITSAT-1, wakakiunda huko huko Guildford. Kilirushwa tarehe 10 Agosti 1992 na wakakipa jina la lugha yao, maana yake Nyota Yetu. Kwao walikuwako waliobeza wakisema kuwa hii si nyota yetu bali ni nyota ya watu, kwani mfano wake ni wa Waingereza na vipande vyake ni vya Waingereza. Maneno hayo yalikuwa na ukweli. Lakini vijana walirudi kwao, na miezi 13 tu baadae kikapanda chombo cha pili, hicho KITSAT-2, ambacho safari hii wamekiunda Korea. Mwaka 1999 kikapanda cha tatu, mfano wake wameubuni wenyewe. Na mwaka huo huo mafundi hao waliondoka wakaanzisha kampuni yao, Satrec Initiative, katika mji wa Daejeon.

Tazama sasa yaliyofuata. Imarati za Waarabu zilipotaka setilaiti, Dubai haikwenda Guildford, ilikwenda Daejeon. Ikawapeleka vijana wake wakakae na Wakorea kama Wakorea walivyokaa na Waingereza. DubaiSat-1 ikarushwa mwaka 2009, DubaiSat-2 mwaka 2013, na katika kila moja sehemu ya kazi iliyofanywa na vijana wa Imarati ilizidi. Cha tatu, KhalifaSat, walikimaliza Dubai kwenyewe, kwa mikono yao, kikapanda kutoka Japani tarehe 29 Oktoba 2018.

Sisi watu wa vyuo njia hii twaijua. Mimi nilisoma kwa mwalimu wangu, naye kwa wake, naye kwa wake, na mwenye ijaza huweza kuitaja silsila yake jina kwa jina mpaka juu. Sikudhani hata siku moja kuwa nitaikuta silsila katika ufundi wa betri na nyaya! Kumbe imo. Surrey imeifundisha Korea, Korea imeifundisha Dubai, na Dubai leo ina vijana wawezao kufundisha. Lau Wakorea wangalitosheka na kununua, wangalipata chombo kimoja. Kingaliishi miaka yake, kikanyamaza, nao wangalirudi dukani na mkoba wa fedha mara ya pili na ya tatu.

Kwani chombo si sanduku peke yake. Kabla ya kurushwa hutikiswa juu ya mashine kama kitakavyotikiswa na roketi, na hutiwa katika chumba kisicho na hewa, kikapashwa moto kikatiwa baridi, ili kasoro yake ionekane maadamu mkono waweza kuifikia. Kikishapanda, miale ya angani hupenya katika kumbukumbu ya kompyuta na kugeuza herufi moja hapa na nyingine pale, na lazima iwepo programu ya kusahihisha, mfano wa mwalimu asikilizae mtoto akisoma na kumrudi kila anapoteleza. Mwenye kununua chombo haonyeshwi hayo. Mwenye kukaa na mafundi huyaona, huyakosea, hukemewa, na mwisho huyajua.

Mataifa ya Kiislamu mengine yalilifahamu jambo hili. Pakistani iliwasomesha wahandisi wake Surrey, na chombo chake cha kwanza, Badr-1, kilichoundwa Pakistani kwenyewe, kilirushwa na roketi ya Kichina tarehe 16 Julai 1990. Algeria ilipoagiza Alsat-1 iliwapeleka wahandisi wake wakaiunde pamoja na wenye kampuni, na ikarushwa tarehe 28 Novemba 2002. Ilikuwa ya kilo 90 hivi, nayo ikawa ya kwanza katika kundi la setilaiti ambazo Algeria, Nigeria, Uturuki na Uingereza walikubaliana kuzitumia kwa shirika, ili ikitokea balaa mahali popote picha zipatikane upesi. Bahari ilipofurika Aceh na pwani nyingine za Bahari ya Hindi tarehe 26 Desemba 2004, picha za kundi hilo zilikuwa katika zilizotumiwa na wenye kuokoa. Na mwaka 2016 Algeria ilirusha Alsat-1B, ambayo iliunganishwa na watu wake katika mji wao wa Oran.

Wala sitaki mzee asome haya akadhani kuwa kila aendae hufika. Malaysia ilishirikiana na Surrey katika TiungSAT-1 ya mwaka 2000, kisha na Wakorea katika RazakSAT ya mwaka 2009. Hii ya pili haikudumu ila mwaka mmoja au karibu yake, na wenye nchi walihojiana sana juu ya fedha zao. Ujuzi nao una hasara zake. Ila mwenye ujuzi akipata hasara hujua ni kitu gani kilichomharibikia.

Limebaki neno la kwanza la baba yule, la walimu wasio Waislamu. Hili sikuhitaji kulitafuta mbali, na ndiyo maana nililiacha nyuma. Baada ya vita vya Badr walikuwapo katika mateka watu wa Makka wasiokuwa na mali ya kujikombolea, lakini walijua kuandika. Mtume wetu (S.A.W.) alikubali fidia yao iwe ni kuwafundisha kuandika watoto wa Ansari, wapokezi wametaja watoto kumi kwa kila mateka. Hao walikuwa ni washirikina, na jana yake walikuwa wameshika panga dhidi yake. Hakusema watoto wa Madina watanajisika kwa herufi zao. Na Zaid bin Thabit (R.A.) aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza. Kama hayo yalifaa Madina, Mtume yupo, mimi ni nani niyakataze kwetu?

Ila kuna tafauti kati ya kuchukua ujuzi wa mtu na kuchukua desturi zake zote, na hapo ndipo penye haki ya mama kulia. Kijana wa miaka 19 katika mji wa kigeni, chumba cha peke yake, hakuna adhana, hakuna jirani wa kumuuliza ulikuwa wapi. Hilo si jambo dogo, na mzazi aliogopae asichekwe. Wengi waliopotea hawakupotezwa na vitabu walivyovisoma. Walipotea kwa sababu waliondoka kwao mikono mitupu, hawana walichokibeba kifuani, na nyumbani wakasahauliwa hata barua. Mzazi ampelekae mwanawe lazima ajue ni msikiti upi ulio karibu na chuo, ni nani Muislamu aishie hapo, na amsemeze kila juma, si kwa kumuuliza fedha zimebaki ngapi tu.

Siku ya saba walirudi, na safari hii mama alikuja nao akakaa upande wa ndani pamoja na wa nyumbani kwangu, pazia likiwa limeinuliwa kidogo ili asikie. Niliyasema haya niliyoyaandika, kwa ufupi zaidi. Baba alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na hao Wakorea, Maalim, walirudi wote kwao?" Nikamgeukia kijana, kwani mimi sikulijua. Kijana akajibu kwa sauti ndogo, "Waliounda chombo cha pili, baba, ndio hao hao waliorudi." Baba akamtazama mwanawe muda mrefu, kama anayemwona mgeni.

Kutoka nyuma ya pazia mama akauliza je, chakula cha huko kitakuwaje. Nikamwambia ajifunze kupika mwenyewe tangu leo, na yeye mama ndiye amfundishe, aanze na wali na mchuzi wa samaki. Tulisikia wanawake wakicheka ndani.

Nami nikatia sharti langu. Kijana amehifadhi juzuu 26, zimebaki nne, na safari yake ni mwezi wa Muharram. Tumekubaliana aje kila siku baada ya alfajiri mpaka jua litoke. Juzi ameanza ya 27.